Maji ya Mgeni

Bi Mwanatatu alikuwa na mitungi miwili, na mmojawapo mumewe hakuruhusiwa kuugusa. Mtungi wa kwanza ulikaa uani, kwenye kivuli cha jiko, na ndani yake mlikuwa na maji ya ziwani ya kunywa na kupikia. Wa pili ulikaa ukumbini juu ya kigoda, umefunikwa kwa kawa. Huo ulikuwa wa wageni. Maji yake yalitoka kwenye mfereji wa bomba pale kivukoni Likoni, akayachuja kwa kitambaa cheupe, na mtungi wenyewe aliufukiza ubani kila Ijumaa kabla ya kuujaza. Nyumba nzima ilijua kwamba kata ya mtungi ule haiguswi mpaka mtu abishe hodi.

Mzee Mbwana, mumewe, hakuona amekosa kitu. "Hayo maji ya harusi," alikuwa akisema. "Nikiyanywa naona kama naozwa tena, na mke mmoja amenitosha." Yeye akitoka shambani alipita ziwani, akateka kwa kifuu cha nazi, akanywa pale pale akiwa amechutama, akapangusa ndevu kwa kiganja. Kisha akaja nyumbani kutaka chakula.

Ziwa lenyewe lilikuwa hatua chache nyuma ya minazi yao. Waliliita Ziwa la Mwinyifaki, na huyo Mwinyifaki alikuwa babu yake Bi Mwanatatu, mzaa baba, aliyelichimba kwa jembe lake na kulitoa sadaka kwa watu wa kijiji chao cha Bofu. Bofu nzima ilikunywa hapo. Mbuzi nao walikunywa hapo, na nguo za watoto zilifuliwa hapo, na mvua ikinyesha kila kilichokuwa vichakani kiliteremkia hapo. Lakini mtu angethubutu kumwambia Bi Mwanatatu kwamba maji ya babu yake ni machafu, angetafuta njia nyingine ya kupita maisha yake yote.

Ndiyo maana yule bwana afya alipofika alikaribishwa kwa jicho la pembeni.

Jina lake aliitwa Gona, Mgiriama wa Mtopanga, kijana wa suruali fupi ya kaki na baiskeli ya serikali. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha kama miaka miwili hivi, bandarini kazi zilikuwa nyingi, na vibarua wa Bofu walikuwa wakianguka kwa kuhara damu mmoja baada ya mwingine. Daktari wa mjini akataka kujua wanakunywa nini huko kwao. Gona aliegemeza baiskeli kwenye mnazi, akabisha hodi, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Serikali inataka nini tena?"

"Maji tu, mama. Chupa mbili za maji ya ziwani." Akafungua kisanduku chake cha mbao akamwonyesha. "Daktari anadhani mna mdudu ndani yake. Anaitwa amiba. Ni mdogo, haonekani kwa macho. Hana kichwa wala miguu."

"Hana miguu?"

"Hana."

"Basi hutembeaje mpaka tumboni mwa mtu?"

"Hatembei, mama. Unamnywa."

Bi Mwanatatu akamtazama kijana wa watu, akamwonea huruma kwa kazi aliyopewa. Lakini mgeni ni mgeni. Akamtandikia mkeka barazani, akamletea chai na mkate wa sinia uliotoka jikoni saa ile ile.

Hapo ndipo pakatokea taabu. Gona alipotaka kuinuka aende ziwani, Bi Mwanatatu akamzuia. Ilikuwa alasiri, na alasiri ziwa lile lilikuwa la wanawake. Waliteka, wakafua, wakaoga nyuma ya matete, na hapana mwanamume wa Bofu, hata kadhi, aliyekanyaga kule mpaka jua litue. Gona akaitazama saa yake. Daktari alitaka chupa kabla ya ofisi kufungwa, na feri ilikuwa na foleni.

"Nipe chupa zako nikakutekee," Bi Mwanatatu akamwambia. "Wewe kula. Umekonda."

Gona alijua sheria ya kazi yake, kwamba maji ateke mwenyewe kwa mkono wake. Akautazama mkate wa sinia. Akampa chupa.

Bi Mwanatatu akatokea mlango wa uani, akashika njia ya ziwani kwa nia njema kabisa. Akafika kwenye minazi ya mwisho akasimama. Kahaso, jirani yake, alikuwa amechutama ukingoni akimtawaza mjukuu wake. Kando yao mbuzi wawili wameingiza miguu majini. Siku zote mambo yalikuwa hivyo, na siku zote hakuyaona. Lakini leo alikuwa na chupa mbili mkononi, nyeupe, safi, na akaona zikiwekwa juu ya meza ya Mzungu mjini, na jina la babu yake limebandikwa juu yake. Na yule kijana kule barazani amekunywa chai yake. Atampaje mgeni maji haya, ayachukue kwa mikono yake, avuke nayo bahari? Katika maisha yake hakuwahi kumpa mgeni maji ya ziwani. Mama yake pia hakuwahi.

Akageuka. Akaingia kwa mlango wa uani, akainua kawa, akachota kwa ile kata ya wageni, akajaza chupa zote mbili. Moyo wake ulikuwa mweupe. Aliona amemsitiri babu yake na amemheshimu mgeni wake, yote kwa mkupuo mmoja.

*

Gona alirudi juma la pili, anacheka tangu njiani.

"Mama, daktari hakuamini. Maji yenu ni safi kama ya mfereji."

"Nilikwambia," akasema Bi Mwanatatu, na kwa kweli hakuwa amemwambia chochote.

Habari ikaenea Bofu kabla ya kahawa ya jioni. Kahaso, ambaye hata kuku wake akitaga aliwatangazia watu, alizunguka nyumba kwa nyumba akisema serikali imelipima ziwa la Mwinyifaki kwa mashine na imekiri. Imamu akamwombea dua marehemu. Mzee Mbwana akatembea kifua mbele kama aliyelichimba yeye.

Na Bi Mwanatatu? Hapo mtu anaweza kumlaumu, lakini asimlaumu sana. Siku ya kwanza alicheka peke yake jikoni. Siku ya pili akaona haya kidogo. Kisha sifa zikawa tamu, na watu walivyozidi kusema maji ni safi, naye akazidi kuona kwamba labda ni safi kweli. Mwisho akausadiki uongo wake mwenyewe. Hata maji ya mtungi wa uani, ambayo siku zote aliyapitisha kwenye kitambaa kikuukuu, akaacha kuyachuja, maana serikali imeshasema.

Halafu Mzee Mbwana akashikwa na tumbo.

Mwanzo walilifanyia mzaha. "Ni ule muhogo wa kwa shemeji yako," Mbwana akasema. Bi Mwanatatu akamchemshia majani ya mpera, akamchemshia ganda la komamanga. Tumbo likatulia, likarudi, likaja na damu. Mtu aliyekuwa akiubeba mkungu mzima wa ndizi begani akawa hawezi kubeba buli. Mashavu yakamwingia ndani. Kila akirudi chooni alikuja ameshika ukuta, na baadaye hakuweza hata hivyo, ikabidi mkewe amwekee bakuli la bati kando ya kitanda.

"Usitazame, Mama Tima," alimwambia. Tima alikuwa binti yao, ameolewa Tiwi.

"Nimekutazama tangu una meno yote. Leo nifumbe macho kwa sababu gani?"

"Naona haya."

"Ona haya na watu baki. Mimi ni mkeo." Akamwosha, akamgeuza, akamfunika leso yake mwenyewe ile nzuri aliyokuwa amemwekea Tima. Mbwana akaomba maji. Akampa kutoka mtungi wa uani, kikombe baada ya kikombe, kwa upendo wote aliokuwa nao.

Hospitali Mbwana hakutaka kuisikia. Kaka yake aliingia kwa miguu akatoka kwa jeneza, na hilo lilimtosha. Bi Mwanatatu akabembeleza, akanuna, akalia, wapi. Siku Gona alipopita na baiskeli yake, akatoka akamkamata usukani.

"Mwanangu, mzee wangu ananifia. Mjini haendi."

Gona akaingia, akamwona, akatoka uso umembadilika. "Kama yeye hataki kwenda, mama, niletee choo chake. Kesho asubuhi, kwenye chumba cha kupimia, mlango wa nyuma wa hospitali. Lakini kije kingali na joto. Huyu mdudu akipoa hutulia, daktari asimtambue."

Bi Mwanatatu, mjukuu wa Mwinyifaki, akamtazama kijana huyu wa kumzaa mwenyewe. "Nivuke feri na kinyesi?"

"Chenye joto, mama."

*

Akakitia ndani ya kopo la chai lenye kifuniko. Kopo akalifunga kwa kitambaa, akalizungushia taulo lililopashwa moto, akalitia ndani ya kikapu, akakifunika kikapu kwa leso. Akavaa buibui akatoka mbio mbio, amekikumbatia kikapu kifuani kama mtoto mchanga.

Kwenye feri, kama kwamba siku yenyewe haijatosha, akakutana na Mwarandu muuza samaki, mtu mwenye maneno na njaa.

"Bi Mwanatatu! Kikapu hicho kina moshi. Mahamri hayo?"

"Si mahamri."

"Vitumbua basi. Hebu nionje kimoja, tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni."

"Ni vya mgonjwa, Mwarandu."

"Mgonjwa atakula vyote hivyo?" Akanyoosha mkono. Bi Mwanatatu akarudi nyuma mpaka akagusa chuma cha feri. Watu wakageuka kutazama. Mwanamke mmoja akanong'ona kwamba siku hizi watu wa Bofu wamekuwa wachoyo, na wanawake wenzake wakaguna kukubali. Akavuka maji yote yale amesimama, anatazamwa kama bahili. Machozi yalimlenga, lakini kopo bado lilikuwa na joto, na hilo ndilo alilolishika.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kinanuka dawa. Daktari, Mzungu mwembamba wa Kiswahili cha maneno mawili matatu, alikuwa mezani, na Gona kasimama pembeni kama mkalimani. Kopo likafunguliwa. Bi Mwanatatu akautazama ukuta. Daktari akachukua chembe kwa kijiti, akaipaka kwenye kioo, akainamia darubini, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema neno, akasogeza kiti.

"Anasema ukitaka, utazame," Gona akamwambia.

Akainama, buibui likaziba mwanga, akaambiwa afungue jicho moja. Akaona rangi ya manjano. Akaona vitu vingi visivyo na maana. Halafu kimoja kikajisogeza. Kilikuwa kama ute wa yai, kikatanguliza ubavu mmoja, kikajivuta chote kuufuata. Kweli hakikuwa na kichwa wala miguu. Ndani yake mlikuwa na vitone vya mviringo.

"Hivyo vya ndani ni nini?"

"Damu, mama. Ameimeza."

"Damu ya nani?"

"Ya mzee."

Bi Mwanatatu akainuka polepole, akaketi.

Daktari akauliza, na swali hilo hata Bi Mwanatatu alilifahamu, maana ndani yake mlikuwa na neno maji. Gona akajibu bila kumuuliza, kwa Kiingereza, na katikati likapita jina la Mwinyifaki. Daktari akatikisa kichwa, akaitazama mikono ya Bi Mwanatatu, akasema maneno mengine.

"Anasema nini?"

Gona akakuna shingo. "Nisamehe, mama. Nimemwambia maji yenu tulishayapima ni safi. Sasa anasema basi ni mkono wa mpishi. Anasema ukitoka chooni unawe kwa sabuni, na ukate kucha. Mzee ataletwa apigwe sindano, kisha atarudi nyumbani."

Bi Mwanatatu akaitazama mikono yake. Hina yake ilikuwa bado mpya. Mikono ile ilikuwa imelisha maulidi mangapi, hapana mtu aliyewahi kuumwa hata na kidole. Haya ilimpanda mpaka masikioni. Lakini akaona pia kwamba haya hiyo ilikuwa ndogo kuliko ile nyingine, ya ziwa. Hii ingebaki ndani ya chumba hiki, na watu watatu tu. Angeitikia, akanyamaza, na ziwa la babu yake lingebaki na jina lake. Na Mbwana angepigwa sindano, angepona, angerudi Bofu, angechutama na kifuu chake cha nazi.

"Gona," akasema. "Mwambie si mkono wangu."

"Mama, si lazima umjibu."

"Mwambie zile chupa hazikuwa na maji ya ziwani. Nilikujazia maji ya mtungi wa wageni. Maji ya mfereji wa kivukoni. Wallahi sikutaka ubaya. Sikuweza kukupa yale mengine, ulikuwa mgeni wangu."

Sasa ndipo Bi Mwanatatu alipokumbuka barazani, na mkate wa sinia, na chupa zilizotoka mkono huu kwenda mkono ule. Akafahamu kwamba maneno yale akiyatafsiri, kijana anajiponza mwenyewe, na asipoyatafsiri hapana atakayejua. Daktari aliwatazama wote wawili, anangoja.

Gona akaweka mikono nyuma, akasema. Akasema kirefu, mara tatu ya alivyosema Bi Mwanatatu, bila kuinua macho. Daktari akawa mwekundu. Akamkaripia kwa sauti ya chini, na karipio la sauti ya chini ndilo baya. Kisha akaandika cheti cha mgonjwa, akampa Gona, akaonyesha mlango.

Nje Bi Mwanatatu akamshika mkono. "Ulimwambia nini kirefu namna ile?"

"Nilimwambia sikuteka mwenyewe. Nilikaa kwako nikala." Akavaa kofia yake. "Na nikamwambia kwamba kwenye feri nilifungua kizibo nikasikia harufu ya ubani. Nikajua. Lakini ilikuwa jioni, na Mtopanga ni mbali, nikanyamaza."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Hapana ziwa linalonukia ubani."

"Watakufukuza?"

"Amesema kesho nikateke upya, mwenyewe. Baada ya hapo ataona."

*

Mbwana alivushwa siku ile ile, kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamebeba na mkewe mbele akipasua njia. Hakuwa na nguvu tena za kukataa. Walipomchoma sindano ya kwanza alimtukana aliyemchoma kwa Kidigo, na Bi Mwanatatu akafurahi kusikia tusi, maana mtu anayetukana yungali hai. Alikesha sakafuni chini ya kitanda. Alfajiri Mbwana akafumbua macho, akaomba maji, wakampa yaliyochemshwa.

"Haya hayana ladha," akasema.

"Ndiyo utakayokunywa."

"Mama Tima. Huniletei yale yako? Ya harusi?"

Bi Mwanatatu akajifunika uso kwa ukaya akalia. Mbwana, asiyejua amesema nini, akampapasa kichwa kwa mkono uliobaki mifupa, akamwambia asilie, kama hayapo basi.

*

Safari hii Gona alivuka pamoja na Bi Mwanatatu, akafika Bofu asubuhi, saa ya wanaume, lakini wanawake walikuwa wameshasikia na walikuja vile vile. Walisimama ukingoni na ndoo zao. Gona akavua viatu, akaingia mpaka magotini, akainamisha chupa yake. Maji yakaingia na rangi yake yote.

"Kwani hawakupima?" Kahaso akauliza. Mjukuu wake alikuwa mgongoni, amelaza kichwa. "Si walisema ni safi?"

Bi Mwanatatu alikuwa amejipanga kusema jambo hili taratibu, kwa maneno ya utangulizi. Yakampotea yote. "Walipima maji ya mtungi wangu wa ukumbini. Mimi niliwapa."

"Yale ya ubani?"

"Yale ya ubani."

Mmoja akacheka, na mwingine, na kwa muda ukingo mzima ulikuwa kicheko, maana walimjua na mtungi wake. Kahaso hakucheka. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni, akampakata.

"Huyu anahara tangu juzi," akasema. "Na mimi nampa haya haya. Nampa mengi, nikisema serikali imeyasifu."

Kicheko kikakatika. Bi Mwanatatu akamsogelea. "Nimekukosea, Kahaso. Wewe na mjukuu wako. Kosa ni langu, si la babu yangu."

Kahaso akaitazama ndoo yake iliyojaa. Akaisukuma kwa mguu, maji yakamwagika yakarudi ziwani yalikotoka. "Sasa tutakunywa nini?"

"Gona anamchukua mtoto, feri ya sasa hivi. Mimi nitakwenda nawe, njia naijua. Lakini kwanza njooni kwangu."

Wakamfuata, wanawake na ndoo tupu, na Gona nyuma na viatu mkononi. Waliingia ukumbini kwa pamoja, hapana aliyebisha hodi. Bi Mwanatatu akainua kawa, akachota, akamwekea mtoto kata mdomoni. Mtoto akakunja uso.

"Yananukia," akasema.

"Kunywa, baba," Bi Mwanatatu akamwambia. "Utazoea. Babu yako Mbwana ameshaanza kuyaulizia."